Mtufaha Uliofunikwa Mapema

Kila mwaka, asubuhi ya theluji ya kwanza, mume wangu Mingaz alivaa buti zake za sufu, akachukua beleshi la mbao na kutoka kwenda kuuvua mtufaha wetu nguo. Ndivyo majirani walivyosema, kuuvua nguo. Watu wengine wa kijiji chetu, Akkayin, siku hiyo walirundika theluji kwenye vichaka vyao vya bustani na kuipigapiga kwa mgongo wa beleshi, kama mtu anayemfunika mtoto. Yeye aliiondoa, tawi kwa tawi, mpaka mti ukabaki mtupu juu ya udongo mweusi.

Mzee Sibgat, jirani yetu wa upande wa kisima, aliegemea uzio wake na kumpigia kelele. Mzee huyu sikio lake moja lilifia jeshini, na la pili husikia linachotaka.

"Mingaz! Leo unamwadhibu kwa kosa gani?"

"Hajaswali!" Mingaz alijibu bila kuinua kichwa.

Walisema hivyohivyo kila mwaka, na kila mwaka walicheka.

Mtufaha wetu haukuwa wa kusimama. Kwetu huku karibu na mto Irtish, mtufaha wa matunda makubwa ukisimama umekufa. Baridi ya Januari huunguza kila kinachochungulia juu ya theluji. Mtufaha pori wa msituni husimama, ni kweli, lakini matunda yake ni kama njegere, na hata ndege huyala akiwa hana jinsi. Wetu ulikuwa wa aina ya Anisi, wa huko upande wa mto Volga. Mingaz alirudi na vijiti vyake alipotoka jeshini, amevifunga kwenye kitambaa kibichi na kuvificha kifuani ndani ya koti kama mtu aliyeiba kuku. Akavibebesha kwenye shina la mtufaha pori, yaani alilipasua akavichomeka humo vikashikana, na mche ulipoanza kurefuka akaulaza. Aliyakunja matawi yakiwa bado laini, akayabana chini kwa kulabu za mti wa mbetula, yakatawanyika juu ya ardhi kama vidole vya mkono uliowekwa mezani. Mti wote ulinifika gotini. Mwezi wa Septemba nilichuma matufaha nikiwa nimepiga magoti, na Mingaz akisema ndiyo adabu ya kupokea riziki.

Theluji ndiyo blanketi la mti wa namna hiyo, kila mtu kijijini anajua. Mingaz peke yake ndiye aliyeshika na jambo la pili. Theluji ya kwanza huja ardhi ikiwa bado na maji na joto la kiangazi. Ukiuacha mti chini yake, gome karibu na udongo linachemka polepole mpaka linaoza, wakati matawi yako salama kabisa. Basi yeye aliiondoa hiyo ya kwanza, na ya pili ikija upesi akaiondoa pia, mpaka ardhi igande, ukiipiga beleshi lilie. Hapo ndipo alipotandaza matawi ya msonobari na kurundika theluji yote aliyoweza kuipata.

"Aione baridi kwanza," alikuwa akisema, "ndipo apewe blanketi."

Sasa nimtaje Zakarya. Ni mdogo wake Mingaz wa tumbo moja, na nyumba zetu zinatenganishwa na uzio wa mbao tu. Ni mtu wa moyo laini, ndama akiugua yeye halali. Tulipokuwa bado vijana, Mingaz alimpa kijiti kimoja kati ya vile vya Volga na kumbebeshea kwa mkono wake mwenyewe kwenye mtufaha pori uliokuwa bustanini kwake. Mti ukashika, ukalazwa, ukakua. Ulipokaribia kuanza kuzaa, theluji ya kwanza ikaanguka nyingi, na Zakarya akauonea huruma. Akaufunika siku hiyohiyo kwa nyasi kavu na theluji akaishindilia. Majira ya kuchipua ulitoa majani, ukatoa na maua, kijiji kizima kikaja kuutazama. Maua hayajadondoka, majani yakaanguka kama masikio ya mbwa aliyenyeshewa. Ukafa.

Mingaz alienda akapiga magoti, akalikwaruza gome la chini. "Umeuchemsha, Zakarya," akasema.

"Mimi? Wewe unauacha wako uchi unaishi, mimi nimeufunika wangu unakufa, halafu kosa ni langu? Nani atakubali maneno hayo? Sema ulinipa kijiti kibovu. Kilikuwa na ugonjwa ndani. Kizuri ulijiwekea."

"Vilitoka kifungu kimoja."

"Ndiyo, na aliyechagua ni nani?"

Neno hilo hakulisema bustanini tu. Alilisema dukani, akalisema kwenye nyumba ya mvuke wanaume wanapooga, akalisema hata harusini kwa watu. Kaka yangu alinipa kijiti kibovu. Tangu hapo hakuna aliyekanyaga kizingiti cha mwenzake. Msikitini walisalimiana, siku ya Idd walishikana ncha za vidole. Kila vuli Mingaz alitundika ndoo ya matufaha kwenye nguzo ya uzio, upande wa Zakarya, na kila vuli ndoo ilibaki pale mpaka ndege wakaimaliza. Mke wa Zakarya, Hamdiya, alipita na kitambaa chake cha kichwa akachopoa mawili matatu. Akiniona dirishani aliweka kidole mdomoni.

Miaka ilikwenda hivyo, tukazeeka.

Mingaz alifariki mwezi wa Juni, mtufaha ukiwa umechanua. Alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni yake akinoa kisu, moyo ukasimama. Zakarya alikuwa upande wa pili wa uzio akipalilia viazi. Aliona kofia imeanguka, na akaupita ule uzio bila kutafuta lango, akavunja mbao mbili. Mimi nilipofika, alikuwa amekipakata kichwa cha kaka yake akimwita jina la utotoni. Hakuitikiwa. Yeye ndiye aliyemwosha na kumshusha kaburini. Inna lillahi. Neno alilotakiwa kulisema lilibaki kifuani kwake, na mwenye kulisikia hakuwapo tena.

Nikakaa eda. Muda wote huo Zakarya ndiye aliyekata nyasi zetu, akapasua kuni, akaziba paa la zizi. Vuli ilipofika alichuma matufaha na kuniletea kikapu hadi kikapu. Nilimwambia achukue nusu.

"Peleka nyumbani, shemeji."

"Nitapeleka," akasema. Lakini nilimtazama dirishani. Alishika tufaha moja, akalinusa, akalirudisha.

Eda ilipokwisha, binti yetu Rezeda alikuja kunichukua kwenda mjini Omsk. Nilikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na daktari alisema yafanyiwe upasuaji moja baada ya jingine, baridi yote nikae huko. Mbingu zilikuwa tayari na rangi ya theluji. Kabla sijapanda gari nilimwita Zakarya bustanini, Hamdiya akaja nyuma yake.

"Shemeji, theluji ya kwanza iondoe."

"Nimesikia."

"Hata ikiwa nyingi. Iondoe mpaka ardhi igande. Beleshi lilie. Ndipo ufunike."

"Shemeji Sagida, mimi si mtoto."

"Mtoto angesikia," Hamdiya akasema.

Zakarya alimwangalia mkewe, kisha akauangalia mti. "Nimesikia," akarudia.

Baridi ile niliipitisha ghorofani kwa Rezeda, nimekatazwa kuinama, nimekatazwa kubeba, nimekatazwa hata kusogelea mvuke wa chungu. Nilipiga simu kila Ijumaa.

"Mti vipi?"

"Umelala, shemeji. Umelala vizuri kuliko mimi."

"Theluji ya kwanza uliiondoa?"

"Huku kila kitu kiko sawa. Ng'ombe wako mjeuri, lakini maziwa anatoa."

Mtu akiulizwa kuhusu theluji akajibu kuhusu ng'ombe, mwenye akili anaelewa. Nilielewa. Nikashika tasbihi yangu, maana umbali ule sikuwa na kingine cha kushika.

Nilirudi Aprili, theluji ikibaki kwenye vivuli tu. Zakarya alikuwa hajaufunua mti, alisema alitaka tuufunue pamoja. Alikuwa amevaa kofia safi, kama mtu anayekwenda kuposa. Akaanza kuondoa. Ilitoka nyasi kavu, mafungu na mafungu. Yakatoka matawi ya msonobari. Likatoka zulia la sufu lililokuwa chumbani kwake, ambalo nilijua Hamdiya alilitafuta baridi nzima. Na chini ya vyote hivyo likatoka blanketi zito la viraka la marehemu mama yao. Walipokuwa watoto, Mingaz na Zakarya walilala chini ya blanketi hilo wote wawili.

Lilikuwa limeloa, na lilipoinuliwa lilitoa mvuke.

"Tazama!" Zakarya akasema. Alipiga magoti akalivunja chipukizi moja kwa kucha, ndani kijani kibichi. Akavunja jingine. "Tazama, shemeji! Hakuna hata ncha moja iliyoungua! Alipokuwa akiufunika kaka, kila mwaka ncha mbili tatu ziliungua. Mwaka huu hata moja!"

Mimi sikutazama ncha. Daktari alinikataza kuinama, hakunikataza kupiga magoti. Niliusogeza udongo kwenye shina nikalikwaruza gome kwa kidole gumba. Lilitoka lenyewe, laini, la rangi ya chai iliyokolea. Nikazunguka na kidole. Lilikuwa hivyo upande huu, na upande ule, na huko nyuma. Nilifukua hadi mizizi ya juu, hali ni ileile. Harufu yake ilikuwa ya pipa la kabichi lililosahaulika.

"Zakarya," nikasema. "Njoo ushike hapa."

"Nini?"

"Shika."

Hakushika. Alisimama na blanketi la mama yake mkononi, maji yakimdondokea kwenye buti.

"Uliufunika lini?" nikamwuliza.

"Nilitoka na beleshi, wallahi nilitoka. Theluji ya kwanza, kama ulivyosema. Nikaanza kuiondoa." Alilikamua blanketi. "Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka makaburini, shemeji. Kule kote kumekuwa kweupe, na yeye yuko chini. Nikarudi hapa, nikaona matawi yale matupu, nikasema huyu naye nimwache hivi? Sikuweza. Beleshi niliweka, nikaenda kutafuta blanketi."

Nilikuwa na maneno mengi, lakini niliyameza, isipokuwa lile la kweli.

"Gome limeoza, Zakarya. Limezunguka lote. Mti umekufa, haujajua tu."

"Umekufa!" Uso wake ukabadilika, ukawa ule wa zamani. "Machipukizi mabichi namna hii, umekufa? Shemeji, umepewa macho mapya, lakini kuyatumia bado hujafundishwa."

"Inawezekana," nikasema.

Nikaingia ndani kuchukua kisu cha Mingaz. Nikakata vijiti vichache kwenye ncha za matawi kabla machipukizi hayajavimba, nikavifunga kwenye kitambaa kibichi.

"Unavipeleka wapi?" akauliza.

"Kwenye shimo la kuhifadhia viazi, nivifukie kwenye theluji visichipue."

"Vya nini?"

"Vya tahadhari."

"Tahadhari!" akacheka. "Mti mzima huu, mwenyewe anauwekea tahadhari kama mgonjwa."

Gome likioza upande mmoja, fundi huweza kuunganisha vijiti juu na chini ya kidonda, maji yapite kama watu wanavyopita darajani. Nilimwona Mingaz akifanya hivyo. Lakini daraja linataka ng'ambo zote mbili, na huku chini ng'ambo haikuwapo tena. Nilimwachia Mungu.

Mei ilipokaribia kwisha mtufaha ukachanua. Sijawahi kuuona umechanua vile. Maua yalifunika matawi yote, yakalala juu ya ardhi kama mtu amemwaga maziwa. Nyuki walianza kazi kabla sijamaliza kuswali alfajiri. Zakarya alisimama kwenye pengo la uzio, lile alilolivunja na ambalo hakuna aliyeliziba, akaniita kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini.

"Shemejiii! Njoo umwone maiti wako!"

Nilitoka. "Mashaallah," nikasema, maana ulikuwa mzuri.

"Mashaallah tu? Huombi radhi?"

"Nikikosea nitaomba."

"Umekosea!"

"Kelele hizo zinawakimbiza nyuki," Hamdiya alisema nyuma yake. "Nyamaza, mwanamume."

Lakini hakunyamaza. Hitima ya mwaka wa Mingaz ilikuwa imekaribia, na Zakarya alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba akialika. Alitaka isifanyike ndani. Alitaka benchi zipangwe bustanini, imamu asome pale, watu wanywe chai pembeni ya mti. Alikuja kunieleza hayo jikoni, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na majivuno.

"Mwaka wake ukifika, mti wake uwe umechanua, kama siku ile. Watu waone. Hilo tu, shemeji."

"Waone nini?"

"Kwamba niliutunza." Alizungusha kofia. "Sikumpa kitu akiwa hai. Nikimpa hiki, basi."

"Mwombe Mungu," nikamwambia. "Lakini usiwaahidi watu."

"Nimeshawaahidi," akasema.

Asubuhi ya hitima nilitoka baada ya swala kuchota maji, unga ulikuwa tayari kwenye bakuli ukisubiri. Nikirudi na ndoo zimejaa, jua lilikuwa limeinuka kidogo. Maua yalikuwa bado juu ya mti, meupe. Lakini majani chini yake yalikuwa yamelala, yote, toka ncha hadi shina, kama masikio ya mbwa aliyenyeshewa. Niligusa moja. Lilikuwa na umande, na lilikuwa limenyauka.

Nilisimama na ndoo zangu. Nikamsikia Zakarya akija na benchi begani, anaimba chinichini.

Wimbo ukakatika. Benchi aliliweka chini taratibu sana. Kisha akanipokonya ndoo moja akaimwaga shinani, akanipokonya ya pili akaimwaga, akakimbia kisimani, akarudi akamwaga, akakimbia tena. Mzee Sibgat alitokeza kichwa juu ya uzio akauliza kama kuna moto. Udongo ulikuwa umeshakuwa matope na Zakarya bado alimwaga, mpaka nikaushika mkono wa ndoo.

"Inatosha. Maji yapo ya kutosha. Hayana njia ya kupanda."

Alikaa chini palepale kwenye matope, na suruali yake ya hitima. Akapeleka mkono shinani, pale nilipomwambia ashike mwezi wa Aprili akakataa. Akakwaruza. Gome likambakia kwenye vidole, akalinusa.

Akayatazama maua.

"Wangu ulikuwa hivi," akasema.

"Ndiyo."

"Hivihivi. Na maua yakiwa bado juu."

"Ndiyo, Zakarya."

"Na harufu hii." Aliufuta mkono kwenye nyasi, ukabaki na rangi. "Kwa hiyo kile kijiti..."

"Kilikuwa kizima," nikasema. "Mimi ndiye niliyeshika kitambaa siku anakifungua kile kifungu. Alivipanga mezani, akakupa kilichokuwa kinene."

Akaniangalia kama nimempiga.

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia. Alikuambia umeuchemsha."

"Mara moja tu!"

"Ulitaka akuambie mara ngapi, na wewe umefunga mlango?"

Nyuki walikuwa bado kwenye maua, hawana habari. Nilimwambia ainuke akabadilishe suruali, watu wanakuja.

Nilidhani ataomba tuhamie ndani. Hakuomba. Alipanga benchi palepale alipowaahidi watu, mti ukiwa umelegea katikati yao. Wakaja wanaume na kofia zao, wakauona, wakakohoa, wakatazama pembeni kama watu wenye haya. Imamu akasoma, tukamwombea Mingaz na wafu wetu wote, mikono ikafutwa usoni. Sisi wanawake tulikuwa dirishani tukipitisha chai ya maziwa na mikate ya pembe tatu yenye nyama na viazi. Hapo ndipo Zakarya aliposimama.

"Jamaa," akasema, kisha akaweka kikombe chini. Akaanza tena. "Jamaa, miaka hii yote nimesema kaka yangu alinipa kijiti kibovu. Nilisema kwenye nyumba ya mvuke, nilisema harusini. Hapa hakuna ambaye sikumwambia. Leo nasema mbele yenu na mbele ya Mungu, kijiti kilikuwa kizima. Mimi ndiye niliyeuua mti ule. Na huu nimeuua mimi, kwa mikono hii hii."

Hakuna aliyeinua kikombe. Mzee Sibgat akamgusa kijana wa imamu kwa kiwiko.

"Anasema nini?"

"Anasema kijiti kilikuwa kizima, babu."

"Kijiti gani?"

"Cha Mingaz!"

"Aaa, hilo!" Mzee akasema kwa sauti yake ile isiyojijua ukubwa. "Hilo tulilijua. Sote tulijua! Mingaz mwenyewe nilimwuliza, kwa nini humjibu mdogo wako? Akaniambia, mwache, siku moja ataweka mkono kwenye gome atajua, na akijua atakuja, mlango uko wazi." Akachukua mkate wake. "Hakuja?"

Imamu aliinamisha kichwa. Zakarya alibaki amesimama, mikono ikining'inia, hajui akae au aondoke. Karibu yangu Hamdiya aliweka sinia chini.

"Hata mimi nilijua," akasema kwa sauti ndogo, mimi peke yangu nikamsikia. "Nilimwambia mwaka ule ule. Akahama kitanda." Kisha akalichukua sinia akaendelea kugawa.

Watu walipoondoka, Zakarya hakwenda kwao. Alizirudisha benchi, akasafisha birika kubwa la samovari, akatafuta kingine cha kufanya akakosa. Mimi nilishuka kwenye shimo la viazi. Theluji niliyofukia vijiti ilikuwa imeyeyuka karibu yote, kitambaa kilikuwa na joto kidogo. Nilivifungua mbele yake. Viwili vilikuwa vimekauka. Kimoja kilikuwa kimeoza. Vitatu vilikuwa na uhai.

"Chukua," nikamwambia.

"Vya kwako hivi, shemeji. Mimi? Baada ya haya?"

"Mimi sina shina la kuvibebeshea. Wewe unalo."

Alilijua nililolisema. Mti wake wa zamani ulipokufa, mizizi ya mtufaha pori haikufa. Kila mwaka ilichipua, kila mwaka aliikata kwa hasira, nayo ikachipua tena. Tukapita kwenye pengo la uzio. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga bustani ile tangu ugomvi. Kisu kilimteleza, nikaona atajikata, nikalishika chipukizi mimi na yeye akapasua. Tukafunga kwa utepe wa kitambaa, tukapaka nta. Akakifuta kisu.

"Kitazaa lini?"

"Mungu akipenda, kitazaa."

"Mimi nitakuwapo?"

"Hilo usiniulize mimi."

Viwili havikushika. Kimoja kilishika, kikatoa majani, na kufikia vuli kilikuwa na urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi ncha za vidole. Mtufaha wa Mingaz tuliukata mwezi wa Agosti, kulabu za mbetula nikaziweka kwenye kisanduku. Septemba sikupiga magoti bustanini. Nilipita kwenye nguzo ya uzio nikauona msumari wa ndoo bado uko pale, umepata kutu.

Theluji ya kwanza ilianguka ghafla, nzito, ya maji. Asubuhi niliinua pazia. Zakarya alikuwa ameshatoka na beleshi, lakini kile kimti kilikuwa kidogo mno kwa beleshi, akaliweka pembeni. Alipiga magoti akawa anaiondoa theluji kwa mikono mitupu, kidogo kidogo, akipuliza ile iliyonasa kwenye machipukizi. Mikono ilikuwa imekuwa myekundu. Aliacha, akakitazama kimti kile kitupu juu ya udongo, na nikaona jinsi alivyotaka kuvua koti lake akifunike. Aliushika ukosi wa koti. Akauachia.

Mzee Sibgat alikuwa ameegemea uzio wake. Mazoea ni mazoea, maneno yakamtoka kabla hajafikiri.

"Zakarya! Leo unamwadhibu kwa kosa gani?"

Jibu lake lilikuwa moja, lile la kuswali, na aliyekuwa akilitoa yuko chini ya mbetula za makaburini. Zakarya hakulijua. Tangu ugomvi, wakianza kupigiana kelele hivyo, yeye aliingia ndani na kufunga mlango.

"Kosa si lake," akasema.

"Nini?" Mzee akaweka kiganja sikioni.

"Nasema kosa si lake!" Zakarya akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na akarudi kwenye theluji.

Nikashusha pazia.